Tia Chumvi, Halafu Maji

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Wiki ya tatu Hamisa hayupo. Chai nimepika mwenyewe. Imeungua. Sikujua kwamba chai huungua.

Niandike kisa chote, ili siku nikiwa mtu mkubwa watu wajue nilivyoonewa. Mimi, Sadallah Kondo, ni mtangazaji wa Sauti ya Temeke. Redio ni ya Bwana Remtulla, anayeuza redio mjini. Aligundua kwamba watu hawanunui sanduku lisilosema lugha yao. Akaomba kibali, akajenga kibanda cha mabati huku Temeke, hatua chache kutoka kwangu, akasimamisha mlingoti wa chuma, akanunua mtambo mdogo wa wati sitini. Taa ya chumbani kwake mjini ina wati sitini. Tunasema kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja. Watangazaji tuko wawili. Mmoja amezidi. Aliyezidi anaitwa Anselmo.

Sasa Kimbiji. Mwezi uliopita tulikwenda huko arusini, kwao Hamisa, mke wangu. Nilisema mbele za watu kwamba sauti yangu inafika Unguja. Nilisema mara moja tu. Labda mara tatu. Mimi nikarudi kazini, Hamisa akabaki kuwasaidia wenzake kuosha masufuria. Baba mkwe, Mzee Mwinyigoha, mfanyabiashara wa papa wa chumvi, akawakusanya watu kwenye baraza ya Bandali mwenye duka. Bandali ndiye mtu pekee Kimbiji mwenye redio ya betri. Wakasikiliza tangu alasiri mpaka magharibi. Wakasikia mluzi. Mluzi, na Mwarabu mmoja akisoma habari kwa Kiarabu.

Tangu siku hiyo Kimbiji naitwa Bwana Mluzi. Na Hamisa kazuiwa. Mzee alinitumia neno kwa Bi Mwajabu, jirani yangu, ambaye huenda Kimbiji na lori kuuza vyungu. Neno lenyewe ni hili: haamini kama nina kazi. Mtu anayedai kazi yake ni kusema, na hasikiki, huyo ni mzururaji. Siku Mzee atakaponisikia kwa masikio yake mwenyewe, atamleta mwanawe mpaka mlangoni kwangu. Kabla ya hapo, nisitume hata barua.

Mzururaji! Mimi niliyevaa tai!

Jumanne, 8 Septemba

Nimepiga kelele. Nilifikiri hivi: mtu akiwa mbali, unampazia sauti. Hata mchunga mbuzi anajua hilo. Nikasoma bei za nazi kwa nguvu zangu zote, mishipa imenitoka shingoni. Katikati ya nazi, taa ya mtambo ikazimika. Kimya.

Gaspar akatoka nyuma. Ni fundi wetu, Mgoa, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Akasema mtambo haupendi kupigiwa kelele. Ukizidisha, sauti inakwaruza. Ukizidisha tena, unajizima wenyewe. Akanionyesha Anselmo kama mfano wa kuigwa. Anselmo! Alisomea upadri huko bara, akaacha, akabakiwa na kunong'ona. Anasoma habari kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Na sindano ya mtambo inatulia, na watu wa Mbagala wanamsikia. Mimi Mbagala wanasikia kikohozi.

Basi nikaimeza aibu. Nikamfuata Gaspar nje, nikamwambia wazi kwamba nataka Kimbiji. Sababu sikumwambia, lakini macho yangu nadhani yalisema. Akautazama mlingoti. Akatazama chini. Akasema, bisibisi ikiwa mdomoni, "Hapa kavu sana, bwana. Kavu, kavu. Tia chumvi, halafu maji." Akapanda baiskeli akaenda zake.

Ameniumiza. Lakini ukweli hauna dawa. Habari zangu ni kavu. Bei za nazi! Nani atatega sikio kutoka Kimbiji kwa ajili ya bei za nazi, na minazi anayo uani? Tia chumvi. Nimeelewa. Na maji nitakunywa kwanza, koo lilainike. Mgoa huyu ana akili kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 9 Septemba

Leo nimetia chumvi!

Karatasi ya habari ilisema chui ameonekana mashambani Tabata, kamla mbuzi mmoja. Mmoja! Nikanywa glasi mbili za maji, nikakaa mbele ya maikrofoni. Nikasema chui watatu. Nikaona watatu wanapwaya, nikaongeza simba dume mwenye chongo. Mbuzi nikawafikisha kumi na mmoja, na punda wa shehe. Nikamaliza kwa kusema kwamba simba huyo, kwa mujibu wa walioshuhudia, anajua kufungua komeo.

Nilitoka kibandani kifua mbele. Miezi minane nimeajiriwa, leo ndiyo mara ya kwanza nimeona faida ya kinywa changu. Anselmo akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi, habari za komeo nimezipata wapi. Wivu ni ugonjwa, na dawa yake si mimi.

Alhamisi, 10 Septemba

Bwana Remtulla amekuja na motokaa yake saa mbili asubuhi. Dalili mbaya. Saa mbili huwa dukani.

Tabata hakuna aliyekwenda shamba. Wanawake wamesukumia vinu mlangoni. Wazee wawili wamepanda darini na mmoja hajakubali kushuka. Askari sita wametumwa na bunduki kumtafuta simba mwenye chongo, wamerudi na mbwa. Serikali imemwuliza Bwana Remtulla, kwa maandishi, kama kibali chake bado anakitaka.

Nikajitetea. Nikasema si mimi, ni Gaspar aliyeniambia nitie chumvi. Gaspar akaitwa. Akanitazama. Akaendelea kunitazama. Kisha akakaa chini mchangani na suruali yake nyeupe, akacheka mpaka akavua miwani.

"Chumvi ya jikoni, bwana! Chumvi ya kula! Ardhini!"

Kumbe chini ya mlingoti kuna nyaya za shaba zimefukiwa. Nguvu ya mtambo haiendi juu tu, inataka na chini pa kushika, na ardhi ikiwa kavu haishikiki, sauti inafia pale pale uani. Ukiitia ardhi chumvi na kuilowesha, sauti inaondoka. Basi si angesema hivyo! Unamwambia Mswahili "tia chumvi", halafu unategemea aelewe chumvi? Hicho ni Kiswahili cha wapi?

Hakuna aliyeniunga mkono. Habari zote amepewa Anselmo. Mimi nimebakiziwa matangazo ya mbuzi waliopotea. Nimesoma wawili leo, kwa uchungu.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimemwuliza Gaspar inatakiwa chumvi kiasi gani. Akasema kwa ardhi ya Temeke ilivyo, magunia mawili. Na ikitiwa, Kimbiji watasikia? Akapiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu. Akasema Kimbiji watasikia mpaka mtu akimeza mate.

Mpaka mtu akimeza mate! Nimekwenda kwa Bwana Remtulla. Amesema baada ya simba hataki kusikia neno chumvi kwa umri wake wote uliobaki.

Sasa niandike jambo ambalo nimelizunguka tangu adhuhuri. Chini ya kitanda chetu kuna magunia mawili ya chumvi ya mawe. Si yangu. Ni ya Mzee Mwinyigoha. Aliyaagiza mjini, yakaletwa kwangu yangoje lori la Kimbiji, ambalo huenda Jumatano na Jumamosi. Yamepigwa alama ya M kubwa kwa rangi nyekundu. Msimu wa papa umefika, na Mzee anayangoja.

Nimeyatazama. Nikatoka nje. Nikarudi nikayatazama tena.

Nimejiuliza: chumvi hii inakwenda wapi? Kimbiji. Sauti yangu inakwenda wapi? Kimbiji. Tofauti ni njia tu. Halafu ni nani aliyesema anataka kunisikia? Ni Mzee. Anayetaka ngoma huchangia ngoma. Na papa ni samaki wa ngozi ngumu, siku mbili tatu hazimdhuru. Nikishamrudisha Hamisa nitamlipa Mzee chumvi yake na shukrani juu. Sioni kosa. Nimetafuta, sikuliona.

Jumamosi, 12 Septemba

Mgongo wangu si wangu tena.

Toka asubuhi na mapema, na toroli la kuazima. Nimechimba mfereji kuuzunguka mlingoti wote. Nimemwaga gunia la kwanza, nikamwaga la pili, nikafukia, nikamimina madebe arobaini ya maji ya kisima. Malengelenge manane, nimeyahesabu. Magunia matupu nimeyakunja nikayaficha chini ya godoro.

Bi Mwajabu amenikuta katikati ya kazi, nimevua shati, nauzunguka mlingoti nikinyunyiza vitu vyeupe na kuhesabu madebe kwa sauti. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akasema "A'udhu billahi" akarudi kinyumenyume mpaka kwake.

Saa nne lori likapiga honi. Bi Mwajabu keshapanda, vyungu vyake mapajani. Akauliza, akilitazama bega langu badala ya uso, chumvi ya mkweo iko wapi. Nikasema haijaja. Mwenye duka kachelewesha, lakini italetwa, Mzee asiwe na wasiwasi, anunue papa wake kama kawaida. Lori lilipoondoka nilimsikia akimwambia dereva kwamba mume wa Hamisa anauzindika mlingoti kwa dawa.

Uongo mmoja tu, na mdogo. Wa kuchelewa.

Jumatatu, 14 Septemba

Imefanya kazi! Gaspar, ambaye jana Jumapili alipumzika, leo amewasha mtambo, sindano imepanda mahali ambapo haikuwahi kufika. Akakigonga kioo chake kwa kucha akidhani imekwama. Haikukwama. Akaniuliza chumvi nimeipata wapi. Nikasema kuna watu wema. Akanipa mkono. Mtu wa kwanza kunipa mkono mwaka huu.

Furaha imedumu mpaka saa kumi. Saa kumi amekuja mtu na baiskeli kutoka Mbweni, mbali kote huko kaskazini, na barua. Barua inasema jana jioni wamesikia kana kwamba redio ya Temeke iko jikoni mwao. Inamshukuru mtangazaji kwa sauti yake tamu iliyovuka mji mzima. Inamtaja kwa jina.

Anselmo.

Jembe nilishika mimi! Maji nilichota mimi! Yeye Jumamosi alikuwa kanisani akiimba! Bwana Remtulla kaibandika barua ukutani kwa pini nne. Anselmo akasema sifa ni za wote. Mtu mnyenyekevu ni hatari sana, hata kumchukia kunakuwa kazi.

Jumanne, 15 Septemba

Mbuzi.

Sijui nani kawaambia. Mbuzi wa Temeke nzima wamekuja kulamba ardhi ya mlingoti. Nimewafukuza kwa fagio, wakarudi na jamaa zao. Hawa wengine ni wale wale niliowatangaza kwamba wamepotea. Kazi ya wiki nzima imekuja yenyewe mlangoni, na shukrani sipati.

Jioni, Anselmo akiwa hewani, beberu mmoja aliusugua mlingoti kwa pembe, umeme ukampata. Sikujua mbuzi anaweza kuruka kiasi kile. Kilio chake kikaingia dirishani, kikaingia kwenye maikrofoni, kikaenda. Watu wa Mtoni wanasema kimesikika safi sana. Kuna aliyeuliza kama beberu yule ndiye mimi.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Sasa mlingoti unalambwa, na mimi bado nina mkono mtupu. Nimezungushia miiba ya mchongoma. Malengelenge sasa ni kumi na moja.

Jumatano, 16 Septemba

Bi Mwajabu amerudi na lori asubuhi. Amesimama mbali nami kidogo, kwa sababu ya uchawi wangu, akanipa habari. Mzee alinunua papa kumi na tisa, wakubwa, kwa kutegemea neno langu kwamba chumvi iko njiani. Wamelala uani wakingoja. Nzi wameanza mkutano. Mzee anauliza chumvi.

Nikamwambia atume jibu: wiki hii haikuletwa. Nikaongeza neno lililo muhimu zaidi. Dereva wa lori nimemwapisha alifikishe mchana huu huu: keshokutwa Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo jioni, watu wote wakae barazani kwa Bandali. Mzee awepo. Hamisa awepo. Wakae karibu.

Kipindi sikuwa nacho. Nimekwenda kumwomba Anselmo, na nilitayarisha matusi ya kumtukana akikataa. Akakubali hata kabla sijamaliza. Kanipa dakika kumi za habari zake, bila kumwambia Bwana Remtulla, bila kuuliza nataka nini. Matusi yote yamebaki tumboni. Sikulala mchana kwa hasira.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimeandika salamu zangu. Kwanza kwa Mzee. Kisha kwa Bandali, mwenye redio. Kisha kwa Hamisa, maneno matatu tu, ya peke yake. Nimeyafuta mara nne. Yamebaki haya: "Rudi, nyumba imepoa."

Nimeyasoma kwa sauti chumbani. Nikashindwa kuyamaliza. Nimekikunja kikaratasi nikakitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Ijumaa, 18 Septemba

Siku ya siku! Niandike haraka kabla ladha haijaniisha mdomoni.

Nimevaa tai. Gaspar akaniambia: usipige kelele, ongea kama mtu aliye mbele yako. Nikajaribu. Nikamwona Mzee mbele yangu. Nikasema "Hapa ni Temeke," pole pole, na sindano ikatulia kama ya Anselmo. Kama ya Anselmo! Nikajua wakati ule ule kwamba nimefika. Nilijisikia nikiwa Kimbiji.

Nikamsalimu Mzee. Nikamsalimu Bandali na betri yake. Nikataka kuingiza mkono mfukoni, lakini nikainua macho, na ukutani ile barua ya Mbweni. Pini nne. Na Anselmo kasimama chini yake akinitikisia kichwa, ati kunitia moyo.

Hapo nikasema lazima watu waelezwe. Nikawaambia: wasikilizaji, msidanganyike, mnavyosikia hivi leo si utamu wa koo la mtu fulani. Ni ardhi. Ardhi niliyoilisha mimi, kwa mikono hii, magunia mawili mazima ya chumvi ya mawe, daraja la kwanza, yenye alama ya M nyekundu! Nikaeleza mfereji. Nikaeleza madebe arobaini. Nikaeleza mbuzi. Nikasema kuna watu chumvi kama ile wangeimwaga juu ya papa, lakini mimi nimeimwaga juu ya nchi hii ili iseme! Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nilijipenda.

Anselmo akanionyesha saa. Dakika kumi zimekwisha. Kikaratasi cha Hamisa kimebaki mfukoni. Si neno. Anajijua.

Nilipotoka, Gaspar alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kwa mshangao, nadhani.

Jumamosi, 19 Septemba

Nilifagia. Nilifua shuka. Nilinunua vitumbua ishirini. Niliomba viti vitatu kwa Bi Mwajabu, akanipa viwili.

Saa tano lori. Harufu ilitangulia.

Mzee amekaa mbele na dereva, Hamisa katikati yao. Nikakimbia. Shikamoo Mzee! Akasema marahaba, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Akasema ahadi ni deni, naye amekuja kulipa. Amenisikia kwenye wailesi. Bandali hakuhitaji hata kuongeza sauti. Watu arobaini barazani, na hakuna aliyepitwa na neno. Mpaka nilipomeza mate walinisikia. Alipofika kwenye ile M nyekundu akasimama kidogo, akanitazama.

M ni Mwinyigoha. Si kwamba sikujua! Nilijua. Lakini nilikuwa hewani, na mtu akiwa hewani husahau mambo ya nchi kavu.

Akaniuliza kwa adabu chumvi yake iko wapi. Nikanyoosha kidole. Akasema vema. Kama chumvi haikuja kwa papa, basi papa wamekuja kwa chumvi. Akapiga kofi moja. Wapagazi wakashusha papa kumi na tisa, wakaisogeza miiba yangu, wakawalaza kuuzunguka mlingoti, vichwa ndani mikia nje. Walioza tangu Jumatano. Mmoja alipasuka wakati wa kushushwa. Mzee akasimama na fimbo yake mpaka wa mwisho akalazwa, akaniaga kwa heri, akarudi kwenye lori. Hakunitukana. Nilikuwa namngoja anitukane.

Hamisa hakuja mlingotini. Aliingia ndani, akatoka na sanduku lake na kinu chake. Nikamzuia mlangoni. Nikamwuliza, umenisikia?

Akasema amenisikia. Alikaa mbele kabisa, karibu na redio kuliko hata Mzee. Wenzake walikuwa wanamfinya na kumcheka, wote wanangoja jina lake. Akangoja nilipomaliza kwa Bandali. Akangoja kwenye mfereji, akangoja kwenye mbuzi. Anselmo alipoanza kusoma bei za nazi, wanawake wakainuka mmoja mmoja. Yeye akabaki. Akasema alizisikiliza bei zote za nazi, pengine Anselmo angemtajia.

"Bandali umemtaja, Sadallah. Papa umewataja. Hata gunia umelitaja na alama yake."

Akapanda lori. Nikakumbuka kikaratasi. Nikakitoa. Lori lilikuwa limeshafika kwenye kona ya kisima, na mimi nimesimama na karatasi mkononi na vitumbua ishirini nyuma yangu.

Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 21 Septemba

Bwana Remtulla alikuja, akashusha kioo cha motokaa, akakipandisha. Nimeondolewa kwenye maikrofoni kabisa. Sasa ni mlinzi wa mlingoti. Kazi yangu ni kufukuza mbuzi, ambao hawaji tena kwa sababu ya harufu, na kuzika papa, ambao Bi Mwajabu anasema wasizikwe maana ni dawa nyingine.

Anselmo kanifuata pale nilipokaa, leso puani. Akasema jioni hii, baada ya habari, anaweza kunisomea mstari mmoja. Ameuandika tayari: "Hamisa wa Kimbiji, mumeo anakuomba radhi." Basi. Akasema Kimbiji watausikia, na yeye Hamisa atalisikia jina lake kwanza kabla ya neno jingine lolote.

Nimemkatalia. Mstari mmoja! Na kwa koo la mtu mwingine! Kisha ni nani aliyesema habari za radhi? Apeleke huruma yake kanisani.

Halafu adhuhuri akapita Gaspar na mita yake, kajifunga kitambaa usoni kama jambazi. Akapima. Akapima tena. Majimaji ya papa yameingia ardhini, na sindano imepanda kuliko Ijumaa! Amesema tangu azaliwe hajaona ardhi nzuri namna hii, na kwamba ameandika barua ya kuacha kazi.

Nimekaa nimefikiri. Kosa halikuwa chumvi. Chumvi ilifanya kazi yake. Kosa halikuwa mimi, maana watu arobaini walinisikia mpaka mate. Na Hamisa alisikiliza mpaka bei za nazi! Mwanamke aliyekuchoka hangojei bei za nazi. Kosa lilikuwa dakika. Kumi ni chache mno kwa mtu mwenye mambo. Bwana Remtulla akishaona redio zinanunuliwa mpaka Mbweni, hasira itamtoka, nami nitamwomba nusu saa. Mpaka wakati huo ardhi isikauke. Bi Mwajabu ana gunia la chumvi nyuma ya mlango wake, nililiona nilipokwenda kuazima viti.

Salamu nimekwisha kuziandika upya. Kurasa nne. Zinaanza na mfereji, halafu papa, ili Mzee naye aone sina kinyongo. Jina la Hamisa nimeliweka mwisho kabisa, ili wasikilizaji wawe na hamu.